Laptopu ya Kikundi: Jina Zuri Pekee Halitoshi

Zamani hesabu ya kikundi ilikuwa daftari moja tu, nalo lilikaa kwa katibu. Siku hizi vikundi vingi vinataka kompyuta ya mkononi, yaani laptopu. Ofisi za serikali zinataka ripoti iliyopigwa chapa, wafadhili wanataka hesabu kwa barua pepe, na wanachama wenyewe wanataka kuona akiba zao zimeandikwa vizuri. Hilo ni jambo jema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tunapotembelea vikundi tunasikia malalamiko mawili. La kwanza: "Tulinunua mashine ya jina kubwa, haikumaliza mwaka." La pili: "Ilitoka Nairobi ikiwa nzima, ikafika hapa kioo kimepasuka." Tumeona tuyaeleze yote mawili pamoja, kwa sababu ukiyachunguza ni swali moja tu: kitu kikiharibika, ni nani atakayewajibika?

Kikundi kimoja cha akina mama wasusi wa vyondo upande wa Mwingi waliweka akiba karibu mwaka mzima. Wakanunua laptopu Nairobi kwa simu, wakalipa. Muuzaji akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuipeleka ofisi ya basi. Wapakiaji wakaisukuma ndani ya buti, chini ya magunia ya viazi. Kijana aliyetumwa kuichukua akatia sahihi, akapanda bodaboda akaenda zake. Ilipofunguliwa mkutanoni, kioo kilikuwa na ufa toka pembe hadi pembe. Watu wa basi wakasema, "Mlitia sahihi." Mwenye duka akasema, "Hapa ilitoka salama." Na risiti ya basi ilikuwa na maandishi madogo kwamba mzigo ni kwa hasara ya mwenyewe. Akina mama wakaanza kulaumiana wao kwa wao, na wawili wakaacha kuja mikutanoni. Hasara hiyo ya pili ilikuwa kubwa kuliko ile ya kioo.

KWA NINI LAPTOPU HUUMIA NJIANI

Laptopu si redio. Kioo chake ni chembamba sana, na kifuniko kikigandamizwa, kioo hupasuka hata kama kwa nje hakuna alama. Mashine za zamani huwa na diski yenye sahani zinazozunguka, na pigo kali laweza kuziharibu pamoja na kumbukumbu zote. Diski za aina mpya, zinazoitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo huvumilia barabara mbovu vizuri zaidi. Betri nayo ni ya lithiamu. Ikipondwa au kutobolewa yaweza kushika moto.

JINA LIPI NI LA KUAMINIKA?

Majina yanayopatikana sana madukani ni HP, Dell, Lenovo, Acer na Asus. Yote ni ya kampuni za kweli. Lakini kila kampuni hutengeneza mashine za bei ya chini na za bei ya juu, kwa hiyo kusema tu "tunataka HP" hakutoshi. Mashine zilizotengenezewa kazi za ofisi huwa ngumu zaidi, na fundi huzifungua kwa urahisi. Kwa Lenovo hizo ni ThinkPad, kwa Dell ni Latitude, na kwa HP ni EliteBook na ProBook. Nyingi zinazouzwa hapa kwetu zimeshatumika ofisini ng'ambo. Iliyotumika si mbaya, mradi ikaguliwe.

Tena jina hubadilika. Toshiba ilisifika sana miaka ya 1990, lakini iliachana kabisa na biashara ya laptopu mwaka wa 2020. Kwa hiyo msinunue sifa za zamani. Ulizeni haya:

1. Je, mjini kwetu kuna fundi anayeijua mashine hii? Chaja, betri na kibodi yake zinapatikana? Kama jibu ni hapana, jina halitawasaidia.

2. Garanti ni ya duka au ya kampuni iliyotengeneza? Ni ya miezi mingapi? Iandikwe kwenye risiti. Garanti ya mdomo si garanti.

3. Nambari ya mashine iliyo chini yake ni sawa na ile ya kasha na ya risiti? Kwa nambari hiyo mwaweza kuangalia katika tovuti ya kampuni kama garanti ingali hai.

4. Ni ya kizazi gani? Swali hili wengi hawaulizi. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa mashine za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 au zaidi. Someni nambari inayofuata kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Ya kizazi cha 6 bado inaweza kufanya kazi kwa programu ya bure ya Linux, lakini msiilipie bei ya mashine mpya.

5. Ina nguvu ya kutosha? Kwa barua, hesabu na barua pepe, memori ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha. Msishawishiwe kulipia zaidi.

6. Betri imevimba? Kama sehemu ya chini imefura au mashine haikai sawasawa mezani, iacheni hapo hapo.

KABLA YA KULIPA, ELEWANENI KUHUSU NJIA

Njia iliyo salama zaidi ni watu wawili kwenda wenyewe, kuijaribu dukani, na kurudi nayo mapajani. Pigeni hesabu ya nauli. Mara nyingi ni ndogo ukilinganisha na kioo kipya.

Kama haiwezekani, elewaneni na muuzaji kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba mashine ni jukumu lake mpaka muifungue na kuikagua. Msipoelewana, atasema kazi yake iliisha alipofikisha mzigo kwenye basi.

Tumieni kampuni ya vifurushi yenye leseni. Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na leseni ni haki yenu kuiulizia. Semeni mzigo ni laptopu, na bei yake iandikwe kwenye risiti. Ulizeni kama kuna bima. Watu wengine huficha bei ili walipe kidogo, halafu kitu kikivunjika hawana la kuonyesha.

Mwambieni muuzaji aifunge hivi:
– Aizime kabisa, aizungushie sponji, kisha aitie katika kasha gumu.
– Chaja ikae mbali na kifuniko ili isigandamize kioo.
– Kasha likitikiswa, kitu kisicheze ndani.
– Aandike pande zote: KIOO, USIWEKE MZIGO JUU.
– Aipige picha ikiwa inawaka, na nambari yake ionekane, kabla ya kufunga.

SIKU YA KUPOKEA

Tumeni watu wawili, mmoja awe ofisa wa kikundi. Fungueni kasha mbele ya karani kabla ya kutia sahihi. Iwasheni. Karani akikataa, msigombane. Andikeni juu ya risiti, kando ya sahihi: "Mzigo haujakaguliwa." Mkiona uharibifu pigeni picha papo hapo, na barua ya malalamiko iende siku hiyo hiyo kwa msafirishaji na kwa muuzaji. Bakini na nakala.

IKIWA HASARA IMESHATOKEA

Msikate tamaa, wala msikimbilie kumtoza kijana mliyemtuma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Kuna pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka wa 2012. Kwa hiyo maneno "kwa hasara ya mwenyewe" yasiwafunge mdomo.

Anzeni na barua ya heshima mkidai malipo, na muweke tarehe ya kujibiwa. Kama ni kampuni yenye leseni na haijibu, pelekeni lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, mahali ilipofunguliwa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, si lazima kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Lakini haya yote yanataka karatasi. Risiti iwe na jina la kikundi, si la katibu wala la mweka hazina. Kikundi nacho kiwe kimeandikishwa chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya 2022. Bila hayo, mtu atauliza nyinyi ni nani mnaodai.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kitu cha kikundi kikiharibika njiani, je, tumeandika popote nani atawajibika, au tutalaumiana?
2. Ni nani hapa kwetu anayeweza kutengeneza laptopu? Tumwulize yeye kwanza kabla ya kumwuliza muuzaji.
3. Risiti za vitu vyote vya kikundi ziko wapi leo, na zina jina la nani?