Kangal, mbwa anayelala na mbuzi

Wengi wenu mnatuuliza kama kuna mbwa wa kulinda mbuzi kwa kweli, si yule wa kubweka usiku na kuiba nyama mchana. Iko. Anaitwa Kangal, na habari zake zinafaa kujulikana hata kwa mfugaji ambaye hatamnunua maisha yake yote.

Kangal ni jina la wilaya moja ya jimbo la Sivas, nchini Uturuki. Kule ni nyanda za juu: wakati wa baridi theluji inafunika malisho, wakati wa jua kunakauka kabisa. Wachungaji wanatembea mbali na kondoo, na mbwa mwitu wanawafuata. Kwa hiyo walizalisha mbwa mkubwa. Dume anaweza kufika kilo 50 au 60, ana manyoya ya rangi ya mchanga na uso mweusi. Shingoni wanamvalisha mkufu wa chuma wenye misumari mirefu, sababu mbwa mwitu anatafuta koo.

Lakini ukubwa si kitu cha kwanza. Mbwa wa kuswaga kondoo, wale wa Ulaya, anawakimbiza na kuwakusanya. Kangal hakimbizi mtu. Anatembea pamoja na kundi, analala katikati yake, utafikiri ni mvivu. Akisikia kitu anasimama kati ya kundi na adui, anabweka kwa sauti nzito. Mara nyingi inaishia hapo, adui anaenda kutafuta chakula kwingine. Kupigana ni mambo ya mwisho.

Tabia hiyo imefika hata Afrika. Huko Namibia wafugaji walikuwa wanaua duma kwa mamia, sababu ya mbuzi na ndama wao. Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund, ambalo Laurie Marker alilianzisha mwaka 1990, lilianza kuwapa wafugaji watoto wa mbwa wa ukoo huu wa Uturuki. Shirika linasema wafugaji waliopewa mbwa wameona hasara yao inapungua kwa asilimia 80 na zaidi. Mbuzi anabaki, duma naye anabaki, na bunduki inakaa nyumbani.

Sasa tuangalie namna wanavyomlea, maana kazi yote iko hapo. Mtoto wa mbwa anaingizwa katika zizi akiwa na majuma 8 hivi. Anakula humo, analala humo, anazoea harufu ya mbuzi mpaka anawaona kama ndugu zake. Watoto wa nyumbani wasimfanye mchezo, la sivyo atahamia jikoni. Lakini lazima azoee mkono wa mtu, ili siku ya kumtibu asiume. Katika mwaka wa kwanza anasumbua: anatafuna masikio ya mbuzi, anawakimbiza kwa kucheza. Mchungaji anamkatalia palepale, kila mara. Wengine wanakata tamaa hapo na kumfukuza, na sisi tunaona ni haraka, sababu mbwa huyo bado ni kijana.

Kuna jambo lingine, na kwetu ndilo la maana zaidi. Huko Botswana wafugaji wamefanya kazi hiyohiyo na mbwa wa kienyeji, wale wembamba wa kijijini, waliolelewa na mbuzi tangu utoto. Wanalinda vizuri, wanavumilia jua, na chakula chao ni kidogo. Basi msikimbilie kutafuta mbwa wa kilo 60 kutoka ng'ambo. Kangal anakula sana, na unga wa mahindi peke yake haumtoshi. Mbwa mwenye njaa anaacha mbuzi na kwenda kuwinda.

Mtoto wa mbwa wa kijijini anaweza kujaribiwa, mradi wazazi wake si wakali kwa mifugo. Achanjwe kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3, arudiwe kila mwaka, apewe dawa ya minyoo. Dume ahasiwe, asije akaacha zizi kufuata majike.

Kwa koperative yenye kundi la pamoja, mkutano uamue kabla mbwa hajaletwa: nani atamlisha kila siku, na pesa ya chanjo itatoka katika sanduku gani. Mbwa wa watu 30 asiye na mlishaji mmoja atajitafutia mwenyewe, na mbuzi wako karibu.