Kijerumani Tukifundishe kwa Ngeli Zetu

Kijerumani si lugha ngeni katika Visiwa vyetu. Bibi Salme binti Said, mzaliwa wa Mtoni, alihamia Hamburg mwaka 1867, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa lugha hiyo ya ugenini. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutuunga mkono, na majumba ya Kikwajuni na Kilimani yangali yakishuhudia ushirikiano huo. Vijana wetu walikwenda kusoma huko, wakarudi na elimu na lugha. Dola ile ilikoma mwaka 1990, lakini haja ya Kijerumani haikukoma nayo.

Leo lugha hiyo inasikika Nungwi, Paje na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa vinywa vya vijana wanaotembeza wageni. Wapo pia wanaotaka kwenda Ujerumani kwa masomo au kwa kazi ya uuguzi, na hao hutakiwa kuonesha cheti cha lugha. Wote hao, baada ya kuyashika maneno ya salamu na ya biashara, hukwama mahali pamoja: der, die na das.

Tulieleze jambo lenyewe. Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia moja kati ya tatu: ya kiume, ya kike, au isiyo ya kiume wala ya kike. Jinsia hiyo hutambulishwa na neno dogo linalotangulia nomino: der kwa ya kwanza, die kwa ya pili, das kwa ya tatu. Katika wingi, zote tatu huchukua die. Maumbile ya kitu mara nyingi hayasaidii kitu. Der Löffel, yaani kijiko, ni cha kiume. Die Gabel, yaani uma, ni wa kike. Na das Messer, yaani kisu, hakimo upande wowote. Ajabu zaidi, das Mädchen, yaani msichana, si wa kike katika sarufi, kwa sababu kila neno lenye kiishio -chen huingia katika fungu la das.

Wako wanaosema kwamba hayo ni mapambo, na kwamba Mjerumani ataelewa tu. Ni kweli ataelewa, kama tunavyomwelewa mgeni anayetwambia "kitabu yangu nzuri imepotea". Lakini sote twajua kwamba mtu huyo hatapewa kazi ya kutafsiri barua ya Serikali. Tena yako maneno ambayo kosa la kitangulizi hugeuza maana nzima. Der Leiter ni kiongozi. Die Leiter ni ngazi ya kupandia. Die Steuer ni kodi. Das Steuer ni usukani wa chombo. Der See ni ziwa. Die See ni bahari. Mtu wa kisiwani asiyetenganisha ziwa na bahari, na mtumishi wa umma asiyetenganisha kodi na usukani, wote wawili watapotea njia.

Kwa nini basi vijana wetu huona uzito? Mara nyingi mwalimu na kitabu huwapitisha katika Kiingereza, lugha ambayo nomino zake hazina mgawanyo huo. Mwanafunzi huambiwa kwamba jambo hili ni geni kabisa, naye huamini. Ukweli ni kwamba mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni analo tangu utotoni. Asemapo "kitabu changu kizuri kimepotea", amekwisha kupatanisha maneno manne bila ya kufikiri. Lugha yetu ina ngeli nyingi kuliko jinsia tatu za Kijerumani. Aliyezoea kubeba magunia manane hashindwi na matatu.

Tofauti iliyopo yafaa ielezwe kwa uwazi. Kiswahili mara nyingi huonesha ngeli katika kiambishi cha nomino yenyewe. Kijerumani huitegemeza zaidi kwenye kitangulizi. Kwa hiyo nomino isifundishwe peke yake hata siku moja. Mwanafunzi asiandike Hafen daftarini. Aandike der Hafen, bandari. Asiandike Stadt, aandike die Stadt, mji. Akiviunganisha atapata die Hafenstadt, mji wa bandari, kwani katika neno la kuunganishwa, nomino ya mwisho ndiyo inayotoa jinsia. Aidha viko viishio vyenye kanuni: -ung, -heit, -keit na -schaft ni vya kike, kama die Regierung, serikali, die Freiheit, uhuru, na die Genossenschaft, chama cha ushirika. Mtenda kazi mwenye kiishio -er ni wa kiume: der Lehrer, mwalimu, der Fischer, mvuvi.

Waliosoma nahau ya Kiarabu chuoni wanayo akiba nyingine. Wanajua kwamba katika Kiarabu jua, shamsi, ni la kike, na mwezi, kamari, ni wa kiume. Kijerumani kimepanga vivyo hivyo: die Sonne, der Mond. Wanajua pia kwamba irabu ya mwisho hubadilika neno likiwa mtenda au mtendwa. Katika Kijerumani kitangulizi hufanya kazi hiyo. Der Sohn sucht den Fischer, na den Fischer sucht der Sohn, zote maana yake ni kwamba mtoto anamtafuta mvuvi. Mpangilio umegeuka, maana imebaki, kwa sababu der na den zimemwonesha nani atafutaye na nani atafutwaye.

Kwa hayo, tunatoa rai kwa wakuu wa elimu, na kwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar: kiandikwe kitabu cha sarufi ya Kijerumani kwa Kiswahili, kinachoanzia kwenye ngeli zetu. Walimu wa Kiswahili na wa Kiarabu waitwe kushiriki. Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na ya kijana anayerudia mtihani wa cheti kwa fedha za wazee wake.

Nanyi vijana, msione haya kujifunza neno moja pamoja na kitangulizi chake kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Mgeni anayesema Kiswahili kwa ngeli sahihi twampa heshima yake. Nasi tukitaka heshima hiyo kwa wenzetu, tuitafute kwa njia hiyo hiyo.