Msaidizi wa sauti

Msaidizi wa sauti ni programu ya kompyuta inayosikiliza maneno ya mtu, kuyaelewa na kumjibu kwa sauti. Hupatikana katika simujanja, spika za nyumbani, magari na mifumo ya kupokea simu za wateja. Siri ya kampuni ya Apple (2011) na Alexa ya Amazon (2014) ni kati ya wasaidizi waliojulikana mapema. Katika miaka ya 2020 wasaidizi wengi wameunganishwa na modeli kubwa za lugha, yaani mifumo ya akili bandia (huitwa pia akili unde au akili mnemba) iliyojifunza kutokana na maandishi mengi mno. Baadhi yao hupokea pia picha na kueleza kilichomo, au hutengeneza picha mpya kwa kufuata maelezo ya mtumiaji.

Kazi ya sauti hupitia hatua tatu: kusikia, kuelewa na kusema. Kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na zinazofuata, na katika Kiswahili kila hatua ina mitego yake.

Historia

Mashine ya kusema ilitangulia mashine ya kusikia. Mwaka 1939 Voder, iliyobuniwa na Homer Dudley wa maabara ya Bell nchini Marekani, ilioneshwa kwa umma mjini New York. Haikujiendesha: mtu aliyefunzwa aliketi mbele yake akaibonyeza kama mpiga kinanda. Mwaka 1952 maabara hiyohiyo ilitoa Audrey, iliyotambua tarakimu zilizotamkwa, hasa na mtu ambaye mashine ilikuwa imerekebishwa kwa sauti yake. Shoebox ya IBM, iliyooneshwa mwaka 1962, ilielewa maneno 16, na Harpy ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilifikia maneno 1,011 mwaka 1976. Baadaye mbinu za takwimu zilishika nafasi ya kanuni zilizoandikwa kwa mkono, kisha mitandao ya neva bandia ikatawala.

Kusikia

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza kuwa umeme, na kompyuta hupima umeme huo mara nyingi kila sekunde; kwa usemi, mara 16,000 ni kawaida. Vipimo hukatwa katika vipande vya takriban milisekunde 25, na kila kipande huchambuliwa ili kujua ni masafa yapi yenye nguvu. Irabu "a" na "i", kwa mfano, hutofautiana kwa masafa hayo. Mtandao wa neva bandia husoma mfululizo wa vipande na kukisia maneno yaliyotamkwa. Neno "kukisia" lina uzito hapa, kwa sababu hata pale kelele za pikipiki zinapofunika usemi, mfumo unaweza kutoa sentensi iliyonyooka ambayo hakuna aliyeisema.

Ubora wa makisio hutegemea mifano iliyotumika kuufunza mfumo. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Takriban saa 438,000 kati ya hizo zilikuwa za Kiingereza kitupu, ilhali lugha nyingine 96 ziligawana saa 117,000 za sauti zilizoandikwa kwa lugha zenyewe, tena bila usawa. Ili kupunguza pengo la namna hiyo, mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wa kujitolea: mmoja husoma sentensi, wengine huisikiliza na kuihakiki. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Hata hivyo, sentensi inayosomwa si sawa na maongezi. Anayesoma hutamka "nimeshafika". Anayezungumza na rafiki yake husema "nshafika", na huenda akachanganya Kiingereza au Sheng. Kimvita cha Mombasa na Kingwana cha Kongo navyo vina matamshi na msamiati wao.

Tatizo jingine ni kiimbo. "Amefika" na "Amefika?" ni neno lilelile, swali hujulikana kwa kupanda kwa sauti. Mfumo ukiandika maneno bila alama za uandishi, swali hugeuka taarifa. Mifumo kama GPT-4o, iliyotangazwa Mei 2024, hupokea sauti moja kwa moja bila kuigeuza kwanza kuwa maandishi, na hivyo kiimbo kinaweza kuifikia hatua ya kuelewa.

Kuelewa

Maneno yakiandikwa sawasawa, bado maana yaweza kupotea. Mfano mzuri ni saa. Kwa Mswahili, saa mbili asubuhi ni 8:00, kwa kuwa hesabu huanza jua linapochomoza. Mfumo unaofasiri neno kwa neno utaweka kengele saa 2:00, na anayetakiwa kumeza dawa au kuwahi basi ndiye atakayeumia. Kwenye fedha, "elfu mbili na mia tano" haina utata, lakini "elfu mia mbili" na "mia mbili elfu" zote zinaweza kumaanisha 200,000, ambayo wengi huiita laki mbili. Kwa kitendo kisichorudishwa, kama kutuma pesa, msaidizi anapaswa kutaja kiasi na kungoja mtumiaji akubali.

Kusema

Zamani kompyuta iliunganisha vipande vya sauti ya mtu iliyorekodiwa, na maungio yalisikika. WaveNet ya DeepMind (2016) ilionesha kwamba mtandao wa neva unaweza kuzalisha wimbi la sauti lenyewe, kipimo baada ya kipimo.

Tahajia ya Kiswahili huisaidia kazi hii, kwani herufi hutamkwa kama zilivyoandikwa na mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache hukaidi: "barabara" ya kupita magari ina mkazo kwenye "ba" ya pili, ilhali "barabara" yenye maana ya sawasawa ina mkazo kwenye "ra" ya kwanza. Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye tarakimu, kwa sababu ya ngeli. "Watoto 3" husomwa watatu, "vitabu 3" vitatu, na "meza 3" tatu. Lakini 6, 7 na 9 hazibadiliki. Programu isiyojua upatanisho husoma "watoto tatu", na msikilizaji hutambua mara moja kwamba anaongea na mgeni.

Sauti za kughushi

Teknolojia hiyohiyo huweza kuiga sauti ya mtu fulani kutokana na rekodi fupi. Januari 2024 wapigakura wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani walipigiwa simu zenye sauti iliyoiga ya Rais Joe Biden, zikiwashauri wasipige kura katika uchaguzi wa mchujo. Mwezi uliofuata, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba sauti zilizotengenezwa kwa akili bandia zinahesabiwa kuwa sauti bandia chini ya sheria ya simu ya mwaka 1991, na kwa hiyo haziruhusiwi katika simu zinazojipiga zenyewe bila ridhaa ya anayepigiwa. Kwa mtu wa kawaida, kinga iliyo karibu ni kukata simu ya "ndugu" anayeomba pesa kwa haraka, kisha kumpigia ndugu huyo kwa namba yake ya siku zote.