Ukitaka Kuondoa Kuvu Ukutani, Tafuta Maji

Akina mama wa mkoa wa Mara wanajua kuotesha kuvu kwa makusudi. Muhogo mchungu ukishamenywa, hurundikwa kwenye kona, ukafunikwa kwa magunia au majani, ukaachwa siku kadhaa. Ukifunuliwa una joto, umelainika, na umeota manyoya meupe, meusi na ya rangi ya chungwa. Manyoya hayo hukwanguliwa kwa kisu, muhogo ukavunjwavunjwa na kuanikwa mpaka ukauke kabisa. Huo ndio udaga, na ile kuvu imesaidia kupunguza sumu ya muhogo.

Rundo lile lina mambo manne: unyevu, chakula, joto na hewa iliyotulia. Sasa ingia chumba cha kupanga pale Nyasura, Bunda, mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Kabati limesukumwa hadi likagusa ukuta wa nje. Nguo zimeanikwa ndani kwa sababu nje kunanyesha. Jiko la mkaa limechemsha maharage tangu saa kumi, na dirisha limefungwa kuzuia mbu (hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua, tena haraka, hata pasipo kuvu). Nyuma ya kabati hilo mambo yale manne yametimia, ila safari hii hakuna aliyeyataka.

Mbegu za kuvu hazionekani kwa macho na zimo hewani katika kila nyumba, kwa hiyo hatuwezi kuzimaliza. Chakula chake ni rangi, vumbi, karatasi, mbao na ngozi ya viatu. Joto la Bunda linaitosha mwaka mzima. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi kuvu haipati nafasi ya kuota. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Mtoto anayelala kitanda kilichogusa ukuta wenye kuvu anaivuta usiku kucha.

Si kila doa ni kuvu. Unga mweupe unaochomoza kwenye lipu na kuyeyuka ukiulowesha ni chumvi iliyoletwa na maji yanayopenya ukutani. Usiudharau, maana unakuonyesha maji yanapita wapi. Weusi wa juu ya jiko na kibatari ni masizi. Kuvu huanza kwa vidoadoa vya mviringo, vyeusi, vya kijani au kijivu, vinavyotanuka hadi vikaungana, na chumba hunuka uvundo hata kikifagiliwa. Ukiwa na shaka, dondoshea doa tone la jiki. Kuvu hufifia ndani ya dakika moja au mbili, masizi hubaki yalivyo.

Baada ya hapo tazama doa limekaa wapi. Hapa ndipo ninapowasihi watu wasiwe na haraka.

Doa linaloanzia sakafuni na kupanda hadi kiunoni ni maji ya ardhini. Tofali za kuchoma hunyonya maji, na kama fundi hakulaza nailoni ya kuzuia unyevu (DPC) kati ya msingi na ukuta, hakuna kinachoyazuia kupanda. Kwenye udongo wa mbuga, unaoshika maji siku nyingi baada ya mvua, hali huwa mbaya zaidi. Wengi hujibu kwa kupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini, kwa kuwa inafutika vizuri. Lakini rangi hiyo inafunga njia ambayo ukuta ungekaukia, kwa hiyo maji yanapanda juu yake, au yanaisukuma mpaka ivimbe malengelenge na kubanduka pamoja na lipu. Ukuta kama huo unahitaji kupumua kwanza. Ondoa udongo na bustani ya maua iliyoegemea nje, teremsha ardhi ielekee mbali na nyumba, weka mfereji wa bati ili maji ya paa yasianguke kwenye msingi.

Doa linaloshuka kutoka darini ni la bati. Usitoboe dari palepale penye duara la manjano ukadhani umefika: maji huingia kwenye tundu la msumari au chini ya kofia ya paa, yakatambaa juu ya mbao ya kenchi hata mita kadhaa, ndipo yakadondoka. Panda darini kwa tochi mvua inaponyesha, fuata mbao iliyolowa hadi mwanzo wake.

Kona za juu, nyuma ya kabati na chini ya godoro, hapo ni mvuke wa ndani. Kama huna hakika, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote, ukiache siku nzima. Matone yakijikusanya upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wenu. Nyumba mpya zenye jipsamu na madirisha ya alminiamu hubana hewa kuliko zile za zamani. Matundu ya hewa juu ya dirisha yamewekwa kwa kazi hiyo, na bado watu huyaziba kwa matambara. Yawekeeni wavu wa mbu, basi.

Kuvu iliyoenea eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kuiondoa mwenyewe. Fungua madirisha, vaa glavu na barakoa, toa watoto nje. Lowesha doa kwanza, kwa kuwa kuifagia ikiwa kavu ni kuirusha chumba kizima. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, futa, kausha kabisa. Jiki si lazima. Kwenye lipu na mbao huondoa weusi wa juu tu, mizizi ikabaki ndani. Ukiitumia, isizidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, na usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye tindikali, maana hutoa gesi inayounguza mapafu. Godoro lililoota kuvu ndani halisafishiki, na dari ya jipsamu iliyooza hung'olewa. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuilisha.

Chumba hichohicho mara nyingi ndicho ghala la mahindi. Mwaka 2016, sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Gunia lisigusane na ukuta wala sakafu, liwekwe juu ya chaga. Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai. Yaliyokwisha kuota kuvu msiwape hata kuku.

Muda wa kazi hizi ni Juni hadi Septemba, kiangazi kikiwa kimekausha kuta. Anza na bati na mifereji, kisha ardhi inayozunguka nyumba, kisha lipu iliyooza ibanduliwe na kupigwa upya, ikae takribani mwezi mmoja kabla ya rangi. Mpangaji aliyeambiwa na mwenye nyumba kwamba atapigiwa rangi tu mwaka huu aombe bati litazamwe kwanza, kabla mvua za vuli hazijaanza.