Kabla Hujalipia Kusafisha Nozeli

Kwenye maegesho ya chuo siku hizi hazikosekani IST, Passo na Vitz za wanachuo. Wengine wamepewa na wazazi, wengine jioni baada ya vipindi wanabeba abiria wa mtandaoni ili mwezi usogee. Gari hizi zikianza kutetemeka, kunywa mafuta na kukosa nguvu mlimani, jibu la gereji huwa ni lile lile: "Nozeli zimeziba, leta hela tusafishe." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine hela inaliwa na ugonjwa unabaki palepale. Mimi nasomea ualimu, siyo ufundi, lakini gari ya kaka yangu ndiyo inayonilipia hosteli, kwa hiyo ilinibidi nilifuatilie jambo hili mpaka nilielewe.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST nyingi, ina silinda 4 na kila silinda ina nozeli yake. Pampu inaleta petroli kwa presha ya baa 3 hivi, halafu kompyuta ya gari inafungua nozeli kwa umeme kwa milisekunde chache tu na kuifunga. Mafuta hayatakiwi kumwagika kama maji ya bomba. Yanatakiwa yatoke kama ukungu, yachanganyike na hewa kwa kipimo cha karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli.

Uchafu unatoka wapi? Wengi tunalaumu sheli, na kweli mafuta machafu yapo. Lakini joto nalo lina mchango mkubwa. Ukizima injini, petroli kidogo iliyobaki kwenye ncha ya nozeli inaendelea kupikwa: sehemu nyepesi inaruka, nzito inaganda kama utomvu. Ndiyo maana gari ya safari fupifupi, washa-zima kutwa nzima, huathirika zaidi. Utando ule unapunguza mafuta na kuharibu ukungu. Silinda inayopata pungufu inamisi.

Shida ni kwamba koili mbovu nayo inaleta kumisi. Plagi iliyochoka nayo vilevile. Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi akikosa hesabu, usimrudishie mada nzima. Mpe kwanza zoezi dogo ujue amekwama wapi. Kwa gari ni hivyo hivyo. Mwombe fundi afanye haya ukiwepo:

Kwanza, injini ikiwa sailensa, achomoe soketi ya nozeli moja, asikilize, airudishe, kisha aende inayofuata. Silinda nzima ikikatwa mafuta, injini inayumba zaidi. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa.

Pili, azime gari, ahamishie koili ya silinda hiyo kwa jirani yake. Ugonjwa ukihama na koili, umeshapata jibu. Usipohama, afanye hivyo kwa plagi.

Tatu, kama ugonjwa umegoma kuhama, na ukandamizaji wa silinda umepimwa ukaonekana mzuri, hapo nozeli ni mshukiwa halali.

Kaka yangu alilipia kusafisha nozeli mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kumbe ilikuwa koili ya silinda ya tatu. Jaribio la kuihamisha lilichukua muda mfupi kuliko kula chipsi, lakini hakuna aliyelifanya, na gari ilikaa siku kadhaa bila kazi.

Ikithibitika ni nozeli, njia ni tatu. Ya kwanza ni dawa ya kumimina kwenye tenki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Inasaidia uchafu mwepesi, haizibui iliyoziba kabisa. Ya pili ni kuunganisha chombo cha dawa kwenye njia ya mafuta, injini ikaungurume kwa dawa hiyo. Ya tatu ndiyo ya uhakika zaidi: nozeli zinatolewa, zinaoshwa kwenye mashine ya mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, kisha zinapimwa kwenye mirija ya kioo. Hapo unaona kwa macho yako kama zote nne zinajaza sawa na kama kuna inayovuja. Zikirudishwa, ziwekwe oringi mpya, maana za zamani zikivuja petroli juu ya injini ya moto, gari inaweza kuungua.

Mkatae fundi anayegusisha nozeli moja kwa moja kwenye betri huku akipuliza spreyi. Waya wa ndani unaweza kuungua, na hakuna kipimo chochote utakachoonyeshwa. Pia presha itolewe kabla ya kufungua: fyuzi ya pampu ichomolewe, injini iachwe ijizime, kisha betri ikatwe. Haya yote ni kwa nozeli za petroli za kawaida. Za dizeli za kisasa zinafanya kazi kwa presha inayozidi baa 1,000. Hizo waachie wenye vifaa vyake.

Ukishalipia mashine, dai namba: kila nozeli ilitoa kiasi gani kabla ya kuoshwa, na kiasi gani baada. Fundi aliyepima hatakosa la kukuonyesha.