Sura Zilizosukwa kama Mkeka

Ajuaye kusuka mkeka amekwisha ijua nusu ya sanaa hii.

Dinh Q. Lê alizaliwa Vietnam mwaka 1968. Mwaka 1978 familia yake iliwakimbia askari wa Khmer Rouge waliokuwa wakiushambulia mji wao wa mpakani, na hatimaye ikahamia Marekani. Usukaji wa mikeka ya nyasi alijifunza utotoni kwa jamaa yake. Ukubwani akasuka picha zilizokatwa vipande vyembamba badala ya nyasi.

Katika gereza la Tuol Sleng, Kambodia, wafungwa walipigwa picha kabla ya kuuawa. Lê alizisuka sura zao pamoja na nakshi za mahekalu ya kale ya Angkor. Ukitazama, sura yajitokeza, kisha yazama katika mawe, lakini haifutiki. Lê alifariki mwaka 2024, kazi hizo zimebaki.

Nawe waweza kujaribu nyumbani. Twaa picha mbili zenye ukubwa sawa, tuseme ya marehemu babu na ya mjukuu aliyerithi jina lake. Ya kwanza ikate vipande vya wima vya sentimita 1, ukiuacha mzima ukingo wa juu. Ya pili vya mlalo, uvipange kwa mfuatano. Pitisha kila kipande juu ya kimoja, chini ya kingine. Kinachofuata kianze kinyume. Penye macho, ruka viwili au vitatu ili sura ionekane. Mwisho gundisha kingo.

Lakini kata nakala tu. Picha ya pekee ya marehemu ikishakatwa, hairudi.