Fahamu: Je, tovuti yako inatumika na asiyeona?

Tangu Juni 28, 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka benki na maduka ya mtandaoni yatumike pia na wenye ulemavu. Kwa ukaguzi, anza na zana ya WAVE, ni bure: bandika anwani ya ukurasa, itakuonyesha picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na lebo na maandishi yaliyofifia. Ila picha ya kiatu ikiandikiwa "sufuria", WAVE haina habari. Hivyo weka kipanya kando, pita ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab, kisha usikilize kwa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini. Na vibandiko vya programu vinavyowekwa kwenye tovuti vikiahidi kurekebisha kila kitu papo hapo? Nisingevitolea hata senti. Mwaka 2025 Marekani iliitoza kampuni ya accessiBe dola milioni 1 kwa madai ya namna hiyo.